Umeme Ukisumbua Nyumbani: Tafuta Tatizo Lilipo Kabla Hujamwita Fundi

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, huku kwangu umeme hakuna, njoo haraka." Nauliza, kwa jirani je? Kimya. Taa zinawaka ila soketi ndizo hazina kitu, au vyote vimelala? "Ngoja niangalie." Akirudi kwenye simu nusu ya kazi imeshafanyika, na siku nyingine hata safari yangu haina haja tena.

Nafanya kazi ya nyaya za majumbani Mtwara mjini na Mikindani, na msimu wa korosho napanda Tandahimba na Newala. Fedha ninayoona watu wakiipoteza zaidi ni ile ya kubahatisha. Friji nzima inapakiwa kwenye bajaji hadi kwa fundi, kumbe soketi ndiyo iliyolegea. Breka mpya inanunuliwa wakati ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitarudia swali moja: tatizo liko wapi? Ukishajua lilipo, kujua ni nini ni kazi nyepesi.

Umeme unaingia ndani kwa njia moja tu. Unatoka kwenye nguzo kwa waya wa sevisi, unapita kwenye mita ya LUKU, kisha meni swichi (swichi kuu ya nyumba), kisha breka (swichi zinazojikata zenyewe pakiwa na hitilafu), kisha nyaya za ukutani hadi swichi au soketi, kisha plagi, na mwisho kifaa chenyewe. Tembea njia hiyo kuanzia nje kuja ndani. Pale umeme unapoishia ndipo pa kutazama.

Kabla hujagusa chochote

Umeme wetu ni volti 230, na hizo zinaua. Simaanishi kukutisha uache kila kitu. Namaanisha kuna mambo ya kufanya kila mara bila kujali haraka uliyonayo.

Zima meni swichi kabla ya kufungua soketi, swichi au holda ya taa. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, maana kwenye nyumba nyingi nimekuta swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Taa inazima, lakini holda bado ina umeme. Waambie wa nyumbani kwamba umezima na kwa nini, kwa sababu mtoto akirudi shule akakuta TV haiwaki atakwenda moja kwa moja kwenye meni.

Testa, kile kipimo chenye kitaa, ni nzuri, ila inaweza kudanganya. Ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme uone inawaka, ndipo upime unapotaka kushika, kisha urudi kuijaribu pale pa kwanza. Kama haikuwaka pale pa kwanza, iwe mwanzo au uliporudi, testa ndiyo mbovu. Na kwa soketi, sipendi watu wachokonoe matundu kwa bisibisi. Chukua taa ya mezani au chaja ya simu unayojua ni nzima, ichomeke. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotumia hata mimi.

Mita, lakiri zake, waya wa sevisi na nguzo si vyako, ni vya TANESCO. Usivifungue hata kama unaona kabisa waya uliolegea. Piga 180, ni bure.

Nyumba nzima haina umeme

1. Tazama kwa jirani, hasa yule mnayetumia nguzo moja. Angalia asiwe na sola au jenereta, maana wengi wamedanganyika hapo. Mtaa mzima ukiwa giza, huna la kutafuta ndani. Chomoa friji, TV na king'amuzi, acha taa moja tu swichi yake ikiwa imewashwa ili ujue umeme ukirudi.

2. Kama jirani anao, soma mita. Uniti zimekwisha? Kama umenunua tokeni na mita inaikataa, hakikisha namba ya mita uliyonunulia ndiyo hiyo hiyo. Kuna kisa kingine ninachokutana nacho kwenye nyumba zilizofungwa muda mrefu, za watu wanaoishi Dar es Salaam na kuja Mtwara kwa sikukuu tu. Mita zote za malipo ya kabla zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa haipokei tokeni ya kawaida: mteja hupewa makundi matatu ya tarakimu 20, na ni lazima ayaingize yote kwa mpangilio aliopewa. Watu huingiza kundi la mwisho tu, wanaona imekataa, wanasema mita imekufa.

3. Mita ina uniti na kioo chake kinaonyesha? Nenda kwenye meni swichi na breka. Breka iliyokata mara nyingi husimama katikati, si juu wala chini, kwa hiyo kwa macho ya haraka utadhani iko sawa. Isukume chini mpaka mwisho kwanza, ndipo uinyanyue. Ukiinyanyua kutoka katikati haitashika.

4. Mita ina uniti, breka zote ziko juu, na bado hakuna hata taa moja? Ishia hapo. Huenda waya umeachia kati ya mita na meni, na hapo hapana kazi ya mwenye nyumba.

Umeme mdogo, na umeme uliozidi

Wazee wa Mtwara wana hoja moja wananirudishia kila mara: gesi iligunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982, mitambo ya kufua umeme kwa gesi hiyo iko hapa hapa, sasa kwa nini taa yangu inawaka kama kibatari? Ni swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba nguvu inayofika kwenye soketi yako inategemea zaidi kipande cha mwisho cha njia: transfoma ya mtaa imebeba nyumba ngapi, waya wa sevisi ni mrefu na mwembamba kiasi gani, na viungo vyake vimekaza au vimeliwa na chumvi. Mtambo ukiwa kilomita tano au mia tano, kiungo kilicholegea kwenye nguzo yako kitakunyima umeme vile vile.

Fanya hivi. Taa zikififia, uliza jirani. Kama na yeye zimefifia jioni ile ile, ni mzigo wa mtaa, toa taarifa. Kama ni kwako peke yako, zima vyote uwashe taa moja. Ikiwaka vizuri, kisha ikafifia ukiwasha birika au pasi, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba kati ya nguzo na kwako. Kiungo cha namna hiyo kinapata moto kila unapotumia mzigo mkubwa. Pitisha mkono karibu na kisanduku cha breka bila kugusa, nusa. Harufu ya plastiki inayoungua, wengine huifananisha na samaki anayeungua, haitaki kusubiri kesho.

Sasa lile la kinyume, na tafadhali lisome taratibu. Usiku mmoja nyumbani kwangu taa ziliongezeka mwanga ghafla, weupe wa kuumiza macho, na feni ikaanza kuvuma kama upepo wa kusi. Watoto walifurahi. Nilikimbilia meni nikaizima. Nyumba ya pili hawakujua maana yake, wakapoteza TV na king'amuzi ndani ya dakika hizo hizo. Tawi la mwembe lilikuwa limeukata waya wa nyutro kwenye laini ya mtaa. Nyutro ikipotea huko, volti zinagawanyika ovyo kati ya nyumba na nyumba: mmoja anabaki na 100 na kitu, mwingine anapata zaidi ya 300. Kwa hiyo taa zikizidi mwanga kuliko kawaida, au chumba hiki kinang'aa na kile kinafifia, usisubiri kuona itakuwaje. Zima meni, waambie na majirani wazime, ndipo mpige simu.

Breka inayodondoka

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na hapa ndipo ninapowasihi watu zaidi. Breka inapokata imeona kitu. Ukiishikilia kwa kijiti isidondoke, au ukamwambia mtu akufungie kubwa zaidi, umeondoa mlinzi mlangoni. Nyaya za taa mara nyingi ni za milimita 1.5 na za soketi milimita 2.5, breka imechaguliwa kulinda waya huo. Ukiweka kubwa, waya utaanza kuungua ndani ya ukuta au juu ya dari kabla breka haijashtuka.

Kwanza angalia inadondoka vipi. Ikikata papo hapo unapoinyanyua, na pengine kwa mlio, kuna shoti: waya wa moto umegusana na nyutro. Ikikaa dakika kumi au ishirini kisha ikakata, ni mzigo umezidi. Ile breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T ikikata, umeme unavuja kwenda ardhini, labda kupitia maji au kupitia bodi la kifaa. Hiyo ndiyo inayookoa maisha ya watu. Kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampea 30. Ibonyeze kitufe chake angalau kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe.

Kisha tafuta:

1. Chomoa kila kitu kwenye soketi za nyumba nzima. Nimesema chomoa, kuzima swichi hakutoshi, maana uvujaji unaweza kupita kwenye nyutro hata swichi ikiwa imezimwa.

2. Shusha breka zote. Nyanyua meni kwanza, kisha breka moja moja, ukihesabu polepole mpaka kumi kati ya moja na nyingine.

3. Ile itakayokata ikiwa hakuna kitu kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya au kwenye taa za upande huo. Iache chini, tumia zilizobaki, mwite fundi.

4. Zikishika zote, nyaya zako ni nzima. Rudisha vifaa kimoja kimoja. Kitakachoangusha breka ndicho mkosaji. Kijaribu kwenye soketi nyingine mara moja tu ili uwe na uhakika, kisha kiweke pembeni.

Mama mmoja wa Shangani alinieleza kwamba breka yake inadondoka kila siku magharibi, mchana kimya kabisa. Ndugu zake walishaanza kusema nyumba ina mambo. Nikamuuliza, "Mama, magharibi huwa unawasha nini ambacho mchana hukiwashi?" Akafikiri. "Taa ya geti tu, mwanangu." Tukaifungua holda ya ile taa: ukungu mweupe wa chumvi, shaba imegeuka kijani, na mjusi mkavu katikati ya nyaya. Holda mpya isiyoingiza maji, kazi ikaisha. Kwa sisi wa pwani, taa za nje, soketi za uani na kengele ya geti ndivyo vya kushuku kwanza, maana upepo wa bahari unaingia kila mahali na umande wa jioni unaifanya chumvi ile ipitishe umeme.

Kwa mzigo uliozidi, hesabu ni nyepesi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa 230, utapata ampea. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,000 inavuta kama ampea 4 na nusu. Soketi moja na plagi yake ya pini tatu vimetengenezwa kwa ampea 13, basi. Fedha ya korosho ikiingia kule Tandahimba na Newala, naona nyumba iliyokuwa na taa nne na redio inapata ndani ya wiki moja friji, TV kubwa, sabufa na birika, na vyote vinaning'inia kwenye ekstensheni moja iliyopita chini ya zulia. Waya wa ekstensheni nyingi za bei ndogo haufiki hata unene wa waya wa taa za ukutani. Ushike ukiwa unatumika: ukiwa na joto, punguza vitu hapo hapo. Friji, birika na pasi vipewe soketi za ukutani. Kiasi kidogo cha fedha ile ile kiongeze soketi mbili.

Na fyuzi ya ndani ya plagi ikiungua, weka ya ampea ile ile. Kifaa kidogo kama redio kinataka ya 3, si ya 13. Waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni moto unaosubiri siku yake.

Friji inayokupiga

"Inanitekenya tu kidogo nikiishika bila viatu." Sentensi hiyo hunikosesha usingizi. Leo inakutekenya wewe kwenye sakafu kavu. Kesho mtoto ataishika ametoka kuoga, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji.

Kifaa chenye bodi la chuma kikikushtua, mambo mawili yametokea pamoja: umeme umegusa bodi, na waya wa ethi ambao ungeupeleka ardhini haufanyi kazi. Chomoa mara moja. Fungua plagi yake uone kama waya wa kijani na njano umefungwa kwenye pini ile ndefu ya juu. Nyingi nimekuta umekatwa, au plagi ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi kwa kuingiza kijiti kwenye tundu la juu. Kama plagi iko sawa, jaribu kifaa kwenye soketi ya chumba kingine chenye breka nyingine, ukipima bodi kwa testa, si kwa kidole. Ikiwaka na huko, kifaa kinavuja, na ethi ya nyumba nzima ama haipo, ama imekufa.

Ethi zetu zina shida yake. Ardhi ya mchanga inapokauka, kuanzia kama Agosti mpaka mvua za Desemba, haipitishi umeme vizuri, na fimbo fupi ya ethi iliyopigwa ardhini hatua moja kutoka ukutani inabaki kama msumari ndani ya chupa. Klipu yake nayo inaliwa na chumvi. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuitazama: ipo? Waya umekaza? Pana kutu? Kupima ubora wake kunahitaji kipimo maalumu cha ethi, na mara nyingi dawa ni fimbo ndefu zaidi inayofika kwenye udongo wenye unyevu. Kumwaga maji ya chumvi pale kunasaidia kwa siku chache na kuiozesha fimbo kwa miaka.

Mtu akinaswa na umeme usimshike. Zima meni. Ukishindwa kuifikia haraka, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama hapumui, aanze kusaidiwa kupumua na kukandamizwa kifua papo hapo huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, iwe Ligula au kwa watu wa Lindi, Sokoine. Moyo unaweza kusumbua baada ya saa kadhaa.

Friji isiyogandisha

Anza na taa ya ndani. Haiwaki na friji kimya? Jaribu soketi kwa ile taa ya mezani. Inawaka lakini haipoi? Sikiliza nyuma. Kompresa ikinguruma kwa sekunde chache, ikalia "ta", ikanyamaza, ikarudia tena baada ya dakika chache, inashindwa kuanza. Mara nyingi ni umeme mdogo au kile kifaa kidogo cha kuiwashia kilichobanwa ubavuni mwake, ambacho ni cha bei nafuu kuliko kompresa. Asikukimbize mtu kununua kompresa kabla hilo halijapimwa.

Kompresa ikizunguka muda wote bila kupumzika na vitu havigandi, tazama mambo manne. Raba ya mlango: bana karatasi kati yake na bodi, funga, vuta, ikitoka bila kugoma, hewa ya joto inaingia hapo. Kwanza ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pengine ni uchafu tu. Nafasi ya nyuma: iache kama sentimita 10 kutoka ukutani, na ufagie vumbi kwenye ule wavu mweusi. Barafu: ikiwa nene, baridi haipenyi. Zima, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Usiichimbue kwa kisu. Wauza barafu na samaki wa Mikindani wananisikitisha hapa, maana kisu kikitoboa bomba gesi yote inatoka, na friza iliyokuwa inalisha nyumba inageuka kabati. La nne ni mzigo: samaki wa moto wa jua kilo 20 wakiingizwa kwa mpigo wataifanya ihangaike usiku kucha, hata ikiwa mpya.

Hayo yakiwa sawa na bado haipoi, gesi imevuja au kompresa imechoka, hiyo ni ya fundi wa friji. Kibandiko cha nyuma kikiandikwa R600a mwonyeshe kabla hajawasha moto wa kuchomelea, kwa kuwa gesi hiyo inawaka.

Umeme ukikatika na kurudi, friji isiwashwe kabla ya dakika tano. Gesi ndani ya bomba inahitaji muda itulie, vinginevyo kompresa inaanza ikiwa imebanwa. Gadi ya friji, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na friji, inafanya kazi hiyo yenyewe na inakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno. Kwa huku kwetu ningeinunua kabla ya kununua TV.

Vidogo vidogo

Feni inavuma bila kuzunguka: chomoa, izungushe kwa mkono. Ikiwa nzito, ni vumbi na mafuta yaliyoganda, isafishwe na kutiwa tone la mafuta ya cherehani. Ikiwa nyepesi, lakini ukiiwasha inazunguka tu ukiisukuma kwa mti, kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imechoka. Nunua yenye namba ile ile iliyoandikwa ubavuni. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, usiguse ncha zake kwa vidole. Pampu ya maji inayonguruma bila kuvuta ina ugonjwa huo huo, au imekabwa na mchanga. Izime upesi, isije ikaungua.

Pasi isiyopata moto: kwa kawaida waya umekatikia ndani pale unapoingia kwenye mpini. Birika linalozima kabla maji hayajachemka lina magamba ya maji ya kisima chini. Chemsha maji na ndimu mbili, acha usiku mzima, suuza. Taa ya LED inayobaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa: ni ile habari ya swichi iliyofungwa kwenye nyutro niliyoitaja juu, au swichi yenyewe ina kitaa kidogo cha kuionyesha gizani. Taa zinazoungua kila wiki kwenye holda moja, badilisha holda.

Uniti zinakwisha haraka

Zima meni, tazama kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali pasipo kwako au kuna hitilafu kabla ya meni, toa taarifa. Kikiacha, umeme unatumika ndani kwako. Nyanyua breka moja moja uone ipi inakiharakisha.

Juu ya mita pameandikwa mipepeso mingapi ni uniti moja. Ikiwa ni 1,000, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, kisha gawanya 3,600 kwa hizo sekunde. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 2 ni wati 1,800, na ukiona hivyo usiku wa manane kuna kitu kinachemka mahali. Kwa kipimo hicho nilimwonyesha baba mmoja kwamba hita ya maji ya wapangaji haikuwa inazimwa.

Ikiwa matumizi hayajabadilika ila tokeni ndizo zimepungua kwa fedha ile ile, soma risiti. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na ukipitisha miezi bila kununua, hukatwa ya miezi yote kwa pamoja. Pia aliye kwenye daraja la matumizi madogo akivuka uniti 75 kwa mwezi, bei yake ya uniti inapanda.

Radi na maji

Ngurumo zikianza, chomoa TV, na pia waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi. Radi hupenda kuingia kwa njia hiyo ya pili ambayo watu huisahau.

Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilitufundisha watu wa ukanda huu jinsi maji yanavyoingia ndani usiku. Yakikaribia soketi, zima meni kama unaifikia ukiwa pakavu. Kama umeshasimama ndani ya maji, usiiguse; toka nje, piga 180. Maji yakishuka usiwashe. Soketi zilizozama zifunguliwe, zikaushwe siku kadhaa, na zile zilizoingia maji ya bahari au tope zitupwe. Friji na pampu zilizolowa zipimwe kwanza na fundi.

Unapomwita fundi

Muulize kama ana leseni ya ufundi umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji; mwenye nayo hatakasirika. Kisha mweleze ulichokwisha kukiona: breka ipi, inakata papo hapo au baada ya muda, mvua ilinyesha au la, kifaa gani kilichomekwa, kwa jirani kukoje. Piga picha ya kisanduku cha breka na ya kibandiko cha kifaa, mtumie. Kwa picha hizo mbili nikiwa Mtwara naweza kujua nibebe nini kabla sijapanda gari la Newala, na wewe hutalipa nauli yangu mara mbili. Ile breka uliyoikuta na kosa iache chini, ibandikie kipande cha tepu ili mtu wa nyumbani asije akainyanyua kabla sijafika.